Somo la Robo Hii: Gari Linapogoma Kuwaka Baada ya Kutoka Gereji



Katika toleo hili tunapenda kujifunza pamoja jambo linalozigusa kamati nyingi zilizokabidhiwa magari ya zahanati, ya kliniki za mama na mtoto na ya miradi ya maji. Gari limepelekwa gereji kwa sevisi ya kawaida: oili imebadilishwa, machujio yamebadilishwa, betri imesafishwa. Limerudi likiwa zima. Baada ya siku moja au mbili linagoma kuwaka. Mara moja lawama huanza. Dereva anashukiwa, fundi anaitwa mwizi, na kamati inakaa kujadili ununuzi wa betri au stata mpya kabla ya mtu yeyote kufungua boneti.

Somo letu ni hili: tuanze kukagua pale fundi alipogusa, ndipo tufikirie kununua.

1. Tusikilize gari linasema nini

Dereva azungushe ufunguo huku mtu mwingine akisikiliza. Sauti hutofautiana, na kila moja ina maana yake.

*Kimya kabisa, au "tik" moja tu.* Hapa umeme haufiki kwenye stata kwa nguvu inayotakiwa. Tuangalie vichwa vya betri. Mara nyingi fundi huvifungua ili asafishe, kisha huvirudisha bila kuvikaza. Kichwa kikizunguka kwa mkono, kimelegea. Tuangalie pia waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Kama gari ni otomatiki, gia iwe kwenye P au N. Vinginevyo stata haitaitika.

*Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki.* Hapa betri haina kosa. Kwa gari la dizeli, tushuku upepo katika njia ya mafuta, hasa kama chujio la dizeli limebadilishwa. Kwa gari la petroli, tuangalie waya za plagi kama zimerudishwa kwa mpangilio wake, soketi ya kipima hewa iliyo karibu na chujio la hewa, na mipira ya hewa iliyofunguliwa. Gari lenye alamu nalo linaweza kuzuia injini lisilipoutambua ufunguo.

*Stata inazunguka kwa uzito.* Betri imepungua nguvu au vichwa vina kutu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takribani 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikiunguruma, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.4. Kikiwa chini ya hapo, altaneta haichaji vizuri, na betri mpya nayo itaisha vilevile.

Katika usharika mmoja, kamati ilikuwa tayari imekubaliana kununua betri kwa ajili ya gari la zahanati lililogoma siku ya pili baada ya sevisi. Dereva aliomba kwanza aangalie vichwa. Cha hasi kilikuwa kimewekwa tu, hakikukazwa. Spana namba 10 ilimaliza kazi, na fedha iliyokuwa inunue betri ikabaki kuwa mafuta ya safari za chanjo vijijini.

2. Kwa nini liliwaka gereji na likagoma nyumbani?

Wengi hulitumia swali hili kama ushahidi kwamba dereva ndiye aliyeharibu. Sivyo. Chujio la dizeli linapobadilishwa, hewa huingia. Fundi huitoa kwa kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu. Lakini mpira wa chujio usipokaa sawa, au koki ya kutolea maji chini yake isipofungwa barabara, hewa hupenya polepole. Gari likilala usiku kucha, dizeli hurudi kwenye tangi na upepo huchukua nafasi yake. Asubuhi stata inazunguka bure.

Tena, injini yenye joto huwaka kwa urahisi hata kama hita plagi zina hitilafu. Kwa hiyo gari kuwaka gereji saa tisa alasiri si uthibitisho. Mtihani wa sevisi ni asubuhi, injini ikiwa baridi.

3. Mambo ya kuepuka

- Kupiga stata mfululizo. Sekunde 10 zinatosha, kisha ipumzike. Stata ikiungua, hasara ndogo imekuwa kubwa.
- Kumwaga petroli kwenye njia ya hewa ya injini ya dizeli. Inaweza kulipuka na kumjeruhi mtu.
- Kusukuma gari la otomatiki. Haliwaki kwa kusukumwa.
- Kugeuza waya wakati wa kuazima umeme wa gari lingine. Altaneta huweza kuungua papo hapo.

4. Utaratibu tunaopendekeza

Gari likabidhiwe gereji kwa orodha ya maandishi ya kazi zinazotakiwa. Inapowezekana, lilale huko, na dereva aliwashe asubuhi mbele ya fundi kabla ya kusaini. Dereva ashike vichwa vya betri kwa mkono, atazame chini ya chujio kama dizeli inavuja, na apokee vipuri vya zamani. Sehemu ya malipo ibaki mpaka asubuhi hiyo ipite, na fundi aelezwe hivyo tangu mwanzo. Yote yaandikwe katika daftari la gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, jina la fundi.

Daftari humlinda kila mmoja. Humlinda dereva dhidi ya tuhuma. Humlinda fundi pia, maana betri iliyochoka inaweza kufa wiki ileile ya sevisi bila kosa lake. Na mfadhili akiuliza kwa nini betri mbili zimenunuliwa kwa mwaka mmoja, kamati ina jibu lenye tarehe.

Kwa marafiki wanaochangia magari, tunaomba mkumbuke katika bajeti machujio bora, kipima volti na seti ya spana. Ni vitu vya gharama ndogo, lakini gari lisilowaka ni kliniki isiyofanyika, na akina mama waliotembea na watoto mgongoni hurudi bila huduma.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nani hupokea gari letu kutoka gereji, na hukagua nini?
2. Je, daftari la gari lina kumbukumbu za sevisi tatu zilizopita?
3. Gari likigoma kesho asubuhi, nani ataangalia kwanza, na ana spana?