Taa za Gari: Mwanga Unatoka Wapi, na Unapotelea Wapi

Somo la robo hii: utunzaji wa vyombo vya usafiri



Parokia nyingi zina gari moja tu. Gari hilo hilo hubeba saruji mchana, hupeleka dawa zahanati, na usiku huitwa kumwahisha mama mjamzito hospitali ya wilaya. Katika safari hiyo ya usiku, injini nzima na matairi mapya havitoshi ikiwa dereva haoni mbele, au ikiwa lori linalomfuata halimwoni yeye.

Hata hivyo, taa hupewa nafasi ndogo katika vikao vya kamati. Hati ya malipo huandikwa "balbu 2", mwezi unaofuata "balbu 2" tena, na hakuna anayeuliza kwa nini balbu za gari hilo haziishi kuungua au kufifia. Somo hili halikusudii kumfanya mjumbe wa kamati kuwa fundi. Linakusudia kumwezesha kuuliza swali linalofaa kabla ya kusaini.

1. Umeme huenda, na ni lazima urudi

Magari madogo hutumia betri ya volti 12, na malori mengi makubwa volti 24. Injini ya gari la volti 12 ikizunguka, alteneta huchaji betri na volti hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5.

Umeme hutoka ncha chanya ya betri, hupita kwenye fyuzi na swichi, hufika kwenye balbu, kisha ni lazima urudi ncha hasi. Sehemu kubwa ya njia ya kurudi ni bodi lenyewe la gari. Waya mfupi ambao mafundi huuita ethi hutoka kwenye taa na kufungwa kwa bolti kwenye bati. Njia ikikatika popote, wakati wa kwenda au wa kurudi, taa haiwaki. Njia ikiwa na kutu, taa huwaka lakini kwa unyonge. Kwa hiyo taa mbovu haimaanishi kila mara kwamba balbu ni mbovu.

2. Kazi ya fyuzi na rilei

Magari mengi ya kazi, yakiwemo Toyota Land Cruiser na Hilux nyingi za miaka iliyopita, hutumia balbu ya aina ya H4. Balbu hii moja ina nyuzi mbili ndani yake: wati 60 kwa mwanga mrefu, ambao madereva huuita fuli, na wati 55 kwa mwanga mfupi, yaani dimu. Tukigawanya wati 55 kwa volti 12 tunapata ampia 4.6 kwa balbu moja. Balbu mbili ni zaidi ya ampia 9.

Umeme mwingi kiasi hicho ukipitishwa kwenye swichi ndogo ya usukani kila siku, swichi hupata moto na kuchakaa. Ndiyo maana magari mengi yana rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku. Dereva akiwasha taa, umeme kidogo tu huingia kwenye koili ya rilei. Koili hugeuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachounganisha njia nene inayotoka kwenye betri. Chini ya rilei nyingi kuna namba: 85 na 86 ni za koili, 30 ni mahali umeme unapoingia, na 87 ni mahali unapotoka. Fundi anayezijua namba hizi hapotezi muda kubahatisha.

Fyuzi ni kiungo dhaifu kilichowekwa kwa makusudi, ili kiungue yeye kabla ya waya. Rangi yake huonyesha uwezo wake: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20 na kijani 30. Fyuzi inayoungua mara kwa mara inatoa taarifa kwamba mahali fulani waya umechubuka na kugusa bati, au kwamba umeme unaotumika umezidi kipimo. Kuweka ya ampia 30 mahali pa ampia 10, au kuzungushia kipande cha waya, hakuondoi tatizo. Kunahamisha moto kutoka kwenye fyuzi na kuupeleka kwenye nyaya zilizo nyuma ya dashibodi. Gari zima linaweza kuteketea kwa kukwepa gharama ya fyuzi moja.

3. Mwanga hafifu

Balbu ya H4 ikipungukiwa asilimia 10 ya volti zake, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Volti moja na nusu inayopotelea njiani inatosha kumnyima dereva sehemu kubwa ya barabara.

Kipimo chake ni rahisi na fundi mwenye multimita hukimaliza kwa dakika chache. Injini izunguke na taa ziwake. Apime kwenye betri, kisha apime kwenye soketi ya balbu, bila kuichomoa balbu. Betri ikisoma 14 na soketi ikisoma 12.5, volti 1.5 zimepotelea kwenye kutu, soketi iliyoungua, waya mwembamba au ethi iliyolegea. Balbu mpya haitaleta nafuu. Kupiga msasa sehemu ya ethi na kukaza bolti kunaweza kuleta nafuu kubwa, tena bila kununua kitu.

Dalili moja hata asiye fundi anaweza kuiona. Ukiwasha indiketa, na taa nyingine ya upande ule ule ikapepesa pamoja nayo, mara nyingi ethi ya upande huo ni mbovu.

Tunatoa tahadhari mbili. Kwanza, katika Toyota nyingi za zamani umeme chanya hufika kwenye balbu kupitia fyuzi na rilei, na swichi ya fuli na dimu hukata upande wa hasi. Fundi asiyelijua hilo anaweza kufukua nyaya nzima. Pili, tusikimbilie balbu za wati 100. Mbili zinataka zaidi ya ampia 16 kwenye nyaya zilizotengenezwa kubeba 9 au 10, na soketi za plastiki huyeyuka.

4. Taa za mchana

Baadhi ya magari, hasa yanayotoka Ulaya na Kanada, huwaka taa za mbele zenyewe mara injini inapowashwa. Hizi ni taa za mchana. Uswidi iliagiza magari yawashe taa mchana tangu mwaka 1977. Kanada iliziagiza kwa magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1989, na Umoja wa Ulaya kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011. Kazi yake ni kulifanya gari lionekane. Hazikutengenezwa kumwonyesha dereva njia.

Zipo namna tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ni taa ndogo za LED za pekee, zinazotumia wati chache. Ya pili ni kifaa cha elektroniki kinachowasha na kuzima taa kubwa mara nyingi sana kwa sekunde, hata jicho likaona mwanga uliopunguzwa. Ya tatu ni kuunganisha nyuzi za fuli za kushoto na kulia kwa kufuatana, ili kila moja ipate nusu ya volti. Katika mpango huu wa tatu, balbu moja ikiungua zote mbili huzimika mchana, ingawa usiku fuli ya upande mmoja bado inawaka. Mtu anaweza kuuziwa kifaa kipya cha bei kubwa, kumbe kilichotakiwa ni balbu moja. Katika baadhi ya magari pia, ukivuta breki ya mkono taa hizi huzimika. Huo si ubovu.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni hii: katika magari mengi, taa za mchana zikiwaka, taa za nyuma haziwaki. Dashibodi nyingi za kisasa nazo huwa na mwanga wakati wote. Kwetu karibu na ikweta giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Dereva huona mwanga mbele yake na dashibodi inang'aa, akaamini amewasha taa, kumbe nyuma ni giza tupu. Kanada ililiona tatizo hili, na tangu Septemba 2021 magari mapya huko yanatakiwa kuwasha taa za nyuma pamoja na za mchana, au kuwasha taa zote yenyewe gizani, au kuiacha dashibodi gizani ili dereva akumbuke. Magari mengi ya kabla ya hapo hayana ulinzi huo. Swichi ibaki kuwa jukumu la dereva.

5. Mambo ya kufanya na kujadili

Kila wiki, watu wawili walizunguke gari: mmoja awashe taa ndogo, dimu, fuli, indiketa na breki; mwingine aangalie mbele na nyuma. Fyuzi za akiba za kipimo sahihi na balbu moja ziwe ndani ya gari. Anayebadilisha balbu asiguse kioo chake kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huifupisha maisha.

Maswali kwa kamati:
- Tumenunua balbu ngapi mwaka huu, na je, volti zilipimwa kabla ya kununua?
- Je, fyuzi zote zina kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko cha boksi lake?
- Je, dereva wetu anajua kama taa za nyuma huwaka pamoja na za mchana?

Kwa wafadhili wetu tunaongeza neno moja. Mnapochangia gari, fikirieni pia multimita na siku moja ya mafunzo kwa dereva. Ni gharama ndogo, na faida yake itaonekana usiku.