Shokapu Mpya Haitibu Steringi: Somo Nililolipata Fildi Bariadi

Wanachuo wenzangu, kila mwaka tukirudi kutoka fildi tunaulizana swali lile lile: "Ulijifunza nini?" Wengi tunajibu kwa utani kwamba tulijifunza kununua chapati za wakubwa. Mimi mwaka huu nina jibu. Nilifanya mafunzo yangu kwenye gereji moja pale Bariadi, na kwa wiki nane nilishinda chini ya magari. Makala hii ni ya wenzangu wa uhandisi mitambo, lakini hata wewe wa ualimu au uuguzi isome. Siku moja utapanda gari la aina hii kwenda kituo chako cha kazi, na utataka kujua kama litakufikisha.

Gari lenyewe na barabara zake

Simiyu ni mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Lami ipo: inatoka Mwigumbi, inapita Maswa na Bariadi, inaishia Lamadi kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Ukiiacha lami ukashika njia za ndani za Itilima au Meatu, unakutana na changarawe yenye mawimbi madogo madogo, halafu mbuga. Kwa Wasukuma mbuga si mahali pa wanyama tu. Ni ule udongo mweusi mzito unaostawisha pamba. Ukinyeshewa unavimba na kunata kama gundi. Ukikauka unapasuka nyufa na kutoa vumbi jembamba linaloingia kila mahali.

Gari la kazi huko ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile hardtop tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Mfululizo huu ulianza mwaka 1984. Tangu mwaka 1999 mbele una springi za koili badala ya zile bapa za kupangwa, lakini ekseli imebaki ni moja nzima kutoka tairi hadi tairi. Ninayoeleza hapa ni hii ya koili.

Tuelewane majina kwanza. Ekseli imeshikwa kwenye chesisi na mikono miwili mirefu, kila mmoja una bushi tatu za mpira. Ili ekseli isihame kushoto na kulia, kuna chuma kirefu cha pembeni kinaitwa panhadi rodi, nacho kina bushi mbili. Kila tairi linageuka juu ya kingipini, na kila kingipini ina beringi mbili, moja juu na moja chini. Kutoka kwenye boksi la steringi, chuma kiitwacho dragi linki kinasukuma tairi moja, na tairodi inalifuatisha la pili. Mwisho kabisa kuna shokapu ya steringi, ambayo kazi yake ni kupunguza mtikisiko. Kumbuka hiyo ya mwisho, ndiyo iliyonidanganya.

"Ina homa"

Asubuhi moja iliingia hardtop ya taasisi moja inayopeleka wauguzi vijijini kwa ajili ya chanjo. Dereva alimwamkia fundi mkuu, mzee ambaye pale gereji wote tunamwita Mzee, halafu akasema, "Mzee, ikifika themanini ikagonga shimo dogo, steringi inatetemeka kama ina homa. Mpaka nisimame kabisa ndiyo inaacha." Mkononi alikuwa na boksi jipya: shokapu ya steringi kutoka Mwanza. Ofisi yake ilikuwa imeambiwa kwingine kwamba tatizo ni hilo tu, na pesa iliyotoka ni ya hilo tu. Safari ilikuwa Jumatatu, leo Ijumaa.

Mzee alinitazama. "Injinia, wewe unasemaje?"

Nikasema tufunge shokapu. Hoja yangu ilikuwa ya darasani. Tairi la gari lile likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.5. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Tairi lisilo na mizani linausukuma mfumo wa steringi mara 9 kila sekunde. Mfumo nao una mtetemo wake wa asili. Vikikutana, mtetemo unajikuza wenyewe. Ndiyo resonansi tuliyosoma mwaka wa pili. Dawa ya resonansi ni kuongeza kinachomeza nguvu, na kinachomeza nguvu ni shokapu. Basi.

"Funga," akasema Mzee. Nikafunga kwa nusu saa. Tukaingia barabara ya Lamadi mimi na dereva, tukavuta mpaka 80, tukapita viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi, tukarudi. Gari kimya. Nilishuka nimejaa sifa.

Mzee akasema, "Sasa ifungue."

Jinsi ya kupima

Alitaka tupime gari bila shokapu ile, hapo hapo uani, na gari limesimama. Utaratibu wake nimeuandika hivi, na ningependa uukate uuweke kwenye daftari lako:

1. Anza na matairi. Angalia upepo, uliaji wa mpira, na ndani ya rimu. Tope la mbuga likikaukia ndani ya rimu upande mmoja linaharibu mizani ya tairi. Sisi tulibandua mabonge mawili makubwa kama ngumi.

2. Gari likiwa chini, mtu mmoja achezeshe steringi kidogo kushoto na kulia bila kukoma. Wewe lala chini utazame kila jointi, moja moja. Weka kidole kwenye maungio: kidole kinahisi kisichoonekana. Hapa ndipo unapoijua panhadi rodi pia, kwa sababu bushi zake zinajisema gari likiwa limebeba uzito wake.

3. Weka kabari matairi ya nyuma, inua mbele kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli. Usiamini jeki peke yake hata siku moja.

4. Shika tairi juu na chini, saa sita na saa kumi na mbili, ulitikise. (Hapa saa ya Kiswahili na ya Kizungu zinafika mahali pamoja, hakuna ugomvi.) Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Uchezaji ukipotea, kosa ni beringi za haba, kwa sababu breki imelibana haba na kilichoko nyuma yake. Ukibaki, kosa ni kingipini.

5. Shika saa tatu na saa tisa, tikisa tena. Hapo unatafuta tairodi.

Tulipomaliza, karatasi ilikuwa na mambo manne. Tairi la kushoto lilicheza hata breki ikiwa imekanyagwa: kingipini. Bushi moja ya panhadi rodi ilikuwa imechanika. Jointi moja ya tairodi ilikuwa imelegea, na kava lake la mpira lilikuwa limepasuka na kujaa vumbi badala ya grisi. La nne Mzee hakulisema, aliniita tu nilitazame.

Nati inayoshika jointi ya dragi linki huwa na meno kama taji. Kati ya meno hayo hupita kotapini, kipini laini cha chuma kinachozuia nati isilegee. Pale hapakuwa na kotapini. Palikuwa na kipande cha waya, ule wa kufungia nondo, umekatika upande mmoja. Nati ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma.

Ile nati ikitoka, dragi linki inaanguka na steringi inageuka bila kugeuza tairi. Mimi nilikuwa nimetoka kukaa kwenye gari hilo kwenye mwendo wa 80. Dereva yeye alikuwa amewapakia wauguzi sita wiki iliyopita. Alikaa kwenye tairi la akiba akanyamaza muda mrefu.

Ndipo nilipoelewa kosa la hoja yangu. Hesabu haikuwa mbaya. Resonansi ilikuwepo kweli. Lakini sikuuliza kwa nini mtetemo wa asili wa mfumo ule ulikuwa umeshuka hadi kukutana na mwendo wa kawaida wa gari. Ulishuka kwa sababu viungo vimelegea. Shokapu mpya ilinyamazisha kelele, na kelele ndiyo ilikuwa inatuambia ukweli.

Pesa ndogo, matatizo manne

Dereva alipiga simu ofisini. Jibu likawa kwamba fungu limekwisha, gari lirudi kama lilivyo. Mzee akasema halitoki na waya. Halafu akanigeukia: "Injinia, wewe ndiye unayejua kuandika. Andika."

Niliandika ukurasa mmoja. Sikuweka hesabu za resonansi. Niliyagawa matatizo mafungu matatu: yanayoweza kupoteza steringi ghafla (dragi linki na tairodi), yanayoifanya itetemeke na kuharibu vingine (kingipini na panhadi rodi), na yanayoweza kusubiri (bushi za mikono, zilizoanza kuchoka ila hazijachanika). Mbele ya kila moja niliweka bei, na nini kitatokea lisipofanyika. Tukapiga picha ya ule waya, tukatuma vyote kwa simu. Jioni fungu la kwanza na la pili yakakubaliwa. Jumamosi spea zikaja na basi kutoka Mwanza.

Kubadilisha

Tairodi na dragi linki. Kabla ya kufungua, hesabu nyuzi zinazoonekana au weka alama ya rangi, ili jointi mpya ikae palepale. Upande mmoja una nyuzi za kawaida na wa pili za kinyume, kwa hiyo usilazimishe. Kutoa jointi tumia pula. Kama huna, gonga pembeni ya jicho la mkono kwa nyundo huku nyingine ikiegemea upande wa pili, usigonge nyuzi. Ukikaza nati mpya na tundu la kotapini halijalingana, endelea kukaza mpaka lilingane. Usilegeze kulitafuta. Na kotapini iwe mpya kila mara.

Kingipini. Hii ni kazi ya siku nzima. Haba inafunguliwa kwa soketi ya 54, na kati ya nati mbili kuna washa ya kukunja. Tulipofungua tulikuta grisi imekuwa nyepesi kama uji: oili ya difu ilikuwa inavuja kupita sili ya ndani. Ukiona hivyo, kubadilisha beringi bila sili ni kutupa pesa. Vibati vyembamba vya juu na chini vina unene wake, kila kimoja kirudi kilikotoka. Ukishafunga, pima ugumu wa kugeuka kwa mizani ndogo ya springi, ile ya kuning'iniza, ukivuta kwenye mkono wa steringi kabla hujaunganisha tairodi. Linganisha na kitabu cha gari. Mzee, aliyefanya kazi hii miaka mingi, alipima mara mbili.

Panhadi rodi. Bushi ya zamani ilitoka kwa presi, mpya ikaingia kwa presi. Hapa nilikosea. Nilikaza bolti zote mbili gari likiwa bado juu ya stendi. Mzee akanirudisha: mpira wa bushi ukikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umejipinda, na utachanika mapema. Legeza, shusha gari, litikise, ndipo ukaze.

Mwishoni tulipima umbali kati ya matairi, mbele na nyuma, kwa futi ya kupimia, tukarekebisha tairodi. Kipimo hicho ni cha kuliwezesha gari litembee. Alaimenti ya mashine ilifanyika baadaye Mwanza.

Jaribio la mwisho Mzee alilifanya kabla ya kurudisha shokapu, kwa mwendo mdogo kwanza, akipandisha kidogo kidogo. Alipofika 80 gari lilikuwa limetulia. Shokapu mpya ilifungwa baada ya hapo, kama msaidizi, siyo kama daktari.

Kwa anayekwenda fildi mwakani

Bumu likitoka, nunua ovaroli, tochi ndogo na daftari la jalada gumu. Ukifika, usiogope kutoa hoja ya darasani, lakini kabla ya kutoa dawa uliza nini kimelegea. Na jifunze kuandika ukurasa mmoja ambao mhasibu anaweza kuuelewa. Kazi ya mikono ilikuwa ya Mzee. Gereji ile haikunihitaji kwa spana. Ilinihitaji kwa ukurasa ule.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi dereva alipita kutuaga. "Mwangaluka," akatusalimu, tukaitikia. Kabla hajapanda, aliinama akalala chali chini ya gari na tochi ya simu. Alikuwa anaitafuta kotapini.