Aliyetubu jioni apate sawa nami?

*Mchungaji, nimetumikia usharika tangu ujana. Jirani alitubu akiwa mahututi, akafariki, nasi tukaambiwa amesamehewa kama sisi. Ni haki? — Mama, Kwai*

Mama, unahisi utumishi wako umepuuzwa. Soma Mathayo 20: vibarua wa shamba la mizabibu walioanza alfajiri walilipwa dinari waliyopatana, wa saa kumi na moja nao wakapata dinari. Hakuna aliyepunjwa, wala wewe hupunjwi jirani akisamehewa. Hawa wa mwisho walishinda sokoni kwa kukosa wa kuwaajiri, na dinari ilikuwa ujira wa kutwa. Pungufu ya hapo, watoto wangelala njaa. Vibarua wa mboga hapo Kwai wanalijua hilo.

Mwambie Mungu uchungu wako waziwazi. Zaburi zimejaa malalamiko. Kisha watembelee wafiwa. Ukikosa usingizi au hamu ya kusali, mwone mchungaji wako mapema.