Uzi wa Riwaya za Ajabu

Kila amalizaye riwaya nzuri ya ajabu, ile ambayo wataalamu wa fasihi huiita fantasia, hupatwa na huzuni ambayo watu wasiosoma huiona ni upuuzi: milango ya nchi aliyoishi ndani yake kwa siku kumi imefungwa, watu aliowazoea wamenyamaza, na yeye amerejeshwa barazani kwake akiwa na usiku mrefu mbele yake. Huzuni hiyo naijua tangu utotoni mwangu Tanga, na kwa miaka mingi niliitibu vibaya, kwa kuchukua kitabu chochote kilichokuwa karibu, au kile kilichosifiwa na watu wote mwaka ule; na aghalabu nilikiacha katikati, nikidhani kwamba ladha ya kusoma imenitoka. Kumbe kitabu kizuri kinachofuata hudokezwa na kile nilichokwisha kukisoma, na kazi yangu ni kuushika uzi wake na kuufuata uendako.

Uzi wa kwanza nilioufuata ulianzia katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Msomaji atakumbuka kwamba Rai, mfalme wa Ughaibu, alimtuma mjumbe kwenda kwa Adili, liwali wa Janibu, kwa sababu kodi ya huko ilikuwa haijafika. Na mjumbe yule akashuhudia jambo la kutisha, kwamba Adili aliwapiga manyani wawili kila usiku. Manyani wale walikuwa ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Miaka mingi baadaye, nikisoma tafsiri ya Alfu Lela Ulela iliyofanywa kwa Kiingereza na Richard Burton, yule yule msafiri aliyepitia Unguja kabla ya kwenda kuliona Ziwa Tanganyika, nilikutana na hekaya ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, aliyechelewesha kodi vivyo hivyo, akatumiwa mjumbe na khalifa Harun al-Rashid, na ambaye kila usiku aliwachapa mbwa wawili waliokuwa ndugu zake wa damu. Nilisimama, nikatoka nje, nikarudi, nikavitandika vitabu viwili mezani ubavu kwa ubavu. Siwezi kueleza furaha ya saa ile. Shaaban Robert hakuiba kitu. Alipokea hekaya ya kale kama fundi apokeavyo mbao, akawabadili mbwa kuwa manyani, akawapa watu majina ya tabia zao, akaijaza hekaya hekima na lugha ambayo hakuna wa kulingana nayo. Fauka ya hayo, alinionyesha njia: tangu siku hiyo kila kitabu nikipendacho hukiuliza wazazi wake ni nani.

Swali hilo wenyewe waandishi hulijibu, maana wengi wao husema waziwazi walisoma nini. C. S. Lewis, kijana bado, alinunua Phantastes ya George MacDonald katika kibanda cha vitabu kwenye stesheni ya Leatherhead, Uingereza, mwaka 1916, na mpaka uzeeni alimtaja mtungaji huyo kama ustadhi wake. Ursula K. Le Guin alikuwa na umri wa miaka 12 alipokiokota nyumbani kwao kitabu cha Lord Dunsany kiitwacho A Dreamer's Tales, akagundua kwamba hata watu wazima hubuni nchi zao wenyewe. Vitabu vyote viwili hivyo ni vya zamani, haki zake zimekwisha, na vinapatikana bure katika Project Gutenberg kwa yeyote mwenye simu na intaneti. Nami hushangaa kuona watu wakilalamika kwamba vitabu ni ghali ilhali hazina kama hiyo i wazi usiku na mchana.

Walakini kuwajua wazazi wa kitabu hakutoshi, kwa sababu kitabu kimoja kina ladha nyingi, na msomaji sharti ajue ni ipi iliyomteka. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi Dar es Salaam nilinunua, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa ameitandaza bidhaa yake kando ya njia, riwaya ya Le Guin iitwayo The Farthest Shore, habari ya mchawi mzee na mwana wa mfalme wanaosafiri kwa mashua kutafuta sababu ya nguvu za uchawi kutoweka duniani, hata wakaingia katika nchi ya wafu. Niliisoma kwa usiku mitatu. Nilipoimaliza nilichukua daftari nikajiuliza: nimependa nini hasa? Si uchawi, maana uchawi umejaa katika vitabu vibaya pia. Nilipenda bahari. Dunia ya riwaya ile ni visiwa mamia kwa mamia, wakazi wake wengi ni watu wa rangi ya kahawia na nyeusi, na safari zao ni za matanga. Mchawi wao aweza kuuita upepo, lakini huogopa kuuita ovyo, kwani mvua ikivutwa huku huenda ikaleta ukame kule. Mtu aliyelelewa palipo na majahazi yangojayo kusi na kaskazi husoma habari hizo na kifua chake kikapanuka. Tena nilipenda kanuni ya elimu yao, kwamba asiyelijua jina la kweli la kitu hana nguvu juu yake. Nikaandika daftarini: bahari, majina, mzee na kijana safarini. Maneno hayo machache yamenitafutia vitabu vingi kuliko sifa zote zilizopigwa chapa juu ya majalada.

Kwa hiyo rafiki akiniomba kitabu, simpi jibu mpaka aniambie alichokipenda mwisho na sababu yake. Aliyeipenda Kusadikika ya Shaaban Robert, kwa mfano, nchi ile inayoelea hewani ambako Karama anashitakiwa na Majivuno mbele ya mfalme, haelekei kuridhishwa na mapanga na majoka. Yeye amependa hoja, baraza na dhihaka ya watawala. Huyo nitampeleka kwa Jonathan Swift, ambaye Gulliver wake, katika kitabu cha mwaka 1726, alikifikia Laputa, kisiwa kingine kinachoelea hewani na kutawaliwa na watu wasio na akili za dunia.

Riwaya ile ya mitumba ilinipa na somo jingine, kwa kuwa niliinunua bila ya kujua kwamba ni ya tatu katika mfululizo ulioanza mwaka 1968 na A Wizard of Earthsea. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwanzo utazame orodha ya kazi za mwandishi na miaka yake, kisha ufuate mpangilio wa kutolewa kwa vitabu, hata kama wachapishaji wameupanga upya. Vile vitabu saba vya Narnia, vya C. S. Lewis, siku hizi hupewa namba ambazo hukitanguliza The Magician's Nephew cha mwaka 1955 mbele ya The Lion, the Witch and the Wardrobe cha mwaka 1950. Nami naona ni kosa, kwani cha 1955 hufumbua siri ambazo cha 1950 kilikusudia uzikute gizani.

Kitabu kisichokushika baada ya kurasa hamsini kiweke chini bila ya haya. Usikitupe: huenda wakati wake haujafika. Nagona ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, niliiweka chini mara mbili, na mara ya tatu, nilipokuwa nimekwisha kuwazika wazee wangu, iliniingia yote.

Na hapa nina neno kwa wasomaji wa Kiswahili wanaodhani kwamba ajabu zote hutoka ng'ambo. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, humleta marehemu kumhukumu mjukuu wake mwenye cheo, na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila ilifuata mwaka 2002. Na kabla yao wote kuna hekaya zetu wenyewe, zenye majini na wafalme, ambazo bado ziko vinywani mwa wazee. Nenda maktaba ukamwulize mkutubi. Mtajie kitabu ulichokipenda, wala usimwambie tu kwamba unataka kitabu kizuri.

Asiyejua aanzie wapi, na aanze na Adili na Nduguze. Ni kitabu chembamba, na kinamalizika kwa usiku mmoja au miwili.