Dawa ni Bure, Kupona Kuna Gharama: Mafunzo Niliyopata Kliniki ya Kifua Kikuu

Nimeuguza wagonjwa wa kifua kikuu jijini Dar es Salaam mpaka nikastaafu. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mtazijua dozi upesi. Haya mengine nilifundishwa na wagonjwa.

1. Kabla ya kumwita mgonjwa mtoro, uliza anakula wapi

Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mbinu alizozijenga daktari Karel Styblo hapa Tanzania zilienea duniani. Mhimili mmoja ulikuwa mgonjwa kumeza dawa mbele ya mhudumu. Mpagazi mmoja wa Kariakoo alianza vizuri, kisha akapotea. Nilipomfuata kwake alinieleza bila hasira: mizigo hushushwa asubuhi, na asubuhi ndiyo foleni ya kliniki. Akija kwetu, watoto wanalala njaa. Dawa hazikumgharimu hata senti. Foleni ilikula siku yake.

Mwaka 2006 nchi ilianza kuwaruhusu wagonjwa kumeza dawa nyumbani, wakisimamiwa na ndugu au jirani. Baadhi ya tuliokuwa tukiwaita watoro walimaliza dozi. Ratiba ya tiba ifuate riziki ya mgonjwa.

2. Asiye na mkataba huugulia kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Mama lishe aliyekuja kwetu akitema damu hakuwa na likizo wala mwajiri. Alikuwa amekohoa muda mrefu huku akinunua dawa ya kikohozi dukani, kwa sababu akifunga kibanda wateja wanahamia kwa jirani. Alijua anaumwa, alikuwa amepiga hesabu. Kwa hiyo kipimo cha makohozi kiwafuate watu sokoni na stendi, wasingojewe waje.

3. Ushauri unahitaji nondo

Tulikuwa tukihimiza kila kaya ifungue madirisha, maana vimelea hukaa hewani chumba kikikosa upepo. Katika chumba kimoja cha kupanga, walimolala wazazi na watoto wote, nilikuta dirisha limezibwa kwa boksi. Mama akaniambia, "Dada, tukifungua, wezi wanaingiza mkono." Dirisha lile lilihitaji nondo na wavu wa mbu, na mwenye nyumba ndiye aliyepaswa kuviweka. Tangu hapo nilizungumza na wenye nyumba na wenyeviti wa mitaa pia. Afya ya mpangaji iko mikononi mwa wengi.

4. Mgonjwa anayepata nafuu huanza kudai chakula

Hili lilinishangaza kuliko yote. Wiki chache baada ya kuanza dawa hamu ya kula hurudi, na nyumba isiyo na akiba huiona nafuu hiyo kama mzigo. Wapo waliotaka kuacha vidonge kwa sababu, walisema, "vinaleta njaa."

Shirika la Afya Duniani huhesabu gharama za kifua kikuu kuwa za kufilisi zikizidi asilimia 20 ya kipato cha mwaka cha kaya, hata pale dawa zinapotolewa bure. Nauli, chakula na vibarua vilivyopotea vimo katika hesabu hiyo. Siku utakapopewa kliniki uiongoze, viandike katika mpango wa tiba na uvitafutie fedha kwa bidii ileile unayoitumia kuhakikisha dawa ya rifampisini haiishi stoo.