Kupanda Daraja katika Jimnastiki

Ninyi wanafunzi hupandishwa darasa mkiisha kufanya mtihani. Huko Marekani wako wasichana wengi wajifunzao mazoezi ya viungo yaitwayo jimnastiki, nao pia wana madaraja yao, 10 kwa hesabu, na juu yake liko daraja la mabingwa.

Tangu daraja la 1 hata la 5, wote hufanya mazoezi ya namna moja, bila kuzidisha wala kupunguza. Hata muziki ni ule ule. Kwa hiyo mwamuzi huona upesi ni nani aliyeyashika na nani bado. Baada ya hapo kila mmoja hupangiwa mazoezi yake mwenyewe.

Siku ya mashindano msichana hujaribiwa mara nne: kuruka juu ya meza, kubembea katika fito mbili, kupinduka juu ya boriti, na kucheza sakafuni. Boriti hiyo upana wake ni sentimita 10 tu! Kila jaribio lina alama 10, jumla 40. Akianguka hupunguziwa nusu alama. Goti likikunjika, hupunguziwa pia.

Je, aliyepata alama za kutosha hupanda mara moja? La. Mwalimu wake hutazama kwanza mambo mengine. Katika daraja la 4 msichana hana budi kujua kujiinua juu ya ufito: huning'inia, hubembea mbele, huleta miguu karibu na ufito, kisha huinuka ghafula akajitegemeza kwa mikono. Wengi hukawia miezi mingi katika jambo hili moja, hata viganja vikachubuka. Akipandishwa kabla hajalijua vema yumo hatarini, maana mazoezi ya mbele hujengwa juu ya hilo. Tena mifupa ya mtoto haijakomaa. Akizidishiwa kazi, huumia vifundo vya mikono au mgongo. Basi kubakizwa mwaka wa pili si adhabu, ingawa mtoto mwenyewe hulia aonapo wenzake wakimpita.

Na kwa wachache wafikao juu kabisa, umri nao ni mlango. Mwaka 1976, katika Michezo ya Olimpiki mjini Montreal, Nadia Comaneci wa Romania alipata alama 10 kamili, naye alikuwa na miaka 14. Tangu mwaka 1997 sheria yataka msichana atimize miaka 16 katika mwaka wa michezo hiyo. Nadia wa siku hizi angeachwa nyumbani.