Shule Zipo, Hesabu Ziko Wapi?

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, Greg Mortenson wa Marekani alichangisha mamilioni ya dola kwa ajili ya shule za Pakistani na Afghanistan, na nyingi zilijengwa kweli. Lakini mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana alieleza kwamba fedha za shirika zilitumika pia kutangaza na kununua vitabu vyake mwenyewe. Akakubali kurudisha takriban dola milioni 1.

Bodi ilikuwa na watu watatu, yeye akiwa mmoja wao. Nani angemhoji?

Nasi je? Mara ngapi tumeona haya kumwomba mwenyekiti risiti za saruji, eti ni mcha Mungu? Hata Paulo alitaka changizo lisindikizwe na ndugu aliyechaguliwa na makanisa. Mkutano ujao, kila kamati ije na daftari lake la mradi.